Maganda ya 7.65×53 kutoka .30-06: kundi moja lililoharibika na sababu zake

Kundi ni la maganda 24 ya shaba ya risasi za bunduki; 7.65×53 na .30-06 ni majina ya aina mbili za risasi. Yalianza yakiwa maganda ya .30-06 ya kiwanda kimoja, yote yamepigwa mara moja, yakageuzwa kuwa 7.65×53 kwa ajili ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1891, ile iliyotengenezwa na Ludwig Loewe mjini Berlin kwa jeshi la Argentina. Matatu yalikunjamana begani kabla kazi haijaisha. Kati ya 21 yaliyobaki, kumi yalijazwa na kupigwa. Karibu yote kumi yalitoka na mstari unaong'aa uliozunguka mwili, milimita chache juu ya kitako cha ganda. Yalipojazwa tena, moja likakatika kabisa: komeo, kile chuma kinachoifunga bunduki nyuma ya ganda, likatoa kitako peke yake, mwili ukabaki umenasa chembani, yaani kwenye tundu la mtutu linalokaliwa na ganda.

Baruti haikuwa nyingi, na shaba haikuwa mbovu. Fundi aliyeyatengeneza alikuwa na vipimo mkononi na kila hatua aliyochukua ilikuwa na sababu inayoeleweka. Kosa liko kwenye mpangilio wa hatua mbili tu, na ni kosa linaloweza kumpata yeyote anayegeuza maganda marefu kuwa mafupi, iwe ni kwa bunduki hii au nyingine. Ndiyo maana kundi hili linafaa kupasuliwa kipande kwa kipande.

Kwa nini .30-06

Risasi ya 7.65×53 ilikuja na Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889, bunduki iliyosababisha kampuni ya Fabrique Nationale ianzishwe Herstal mwaka huohuo. Uturuki, Argentina na Peru nazo zikaichukua. Leo maganda yake hutoka viwandani kwa vipindi, na mwenye bunduki anaweza kuyakosa kwa muda mrefu. Ganda la .30-06 halikosekani.

Kinachoamua ganda lipi linafaa ni kitako. Mwili unaweza kufinywa, shingo inaweza kushushwa, urefu unaweza kukatwa, lakini kitako ni shaba nene na ngumu ambayo haibadilishwi mezani. Ukingo wa kitako cha .30-06 una kipenyo cha milimita 12.01, wa 7.65 ni 12.05. Mwili wa .30-06 karibu na kitako ni 11.96; wa 7.65 ni 11.93. Tofauti hiyo ya sehemu tatu za mia za milimita kalibu, yaani kifinyio cha chuma kinacholipa ganda umbo, inaimaliza bila shida. Huko juu ndiko kazi ilipo. Bega la .30-06 lina kipenyo cha 11.20 na la 7.65 ni 10.90. Urefu ni 63.35 dhidi ya 53.50.

Wengi hulishika kwanza ganda la .308 kwa sababu nalo limejaa kila mahali. Halifai. Urefu wake ni 51.18 tu, na bega lake liko nyuma sana. Kalibu husukuma bega kurudi nyuma. Haina njia ya kulivuta mbele.

Sasa angalia ganda la .30-06 linapokatwa kufikia milimita 53.5. Bega lake la asili linaanzia milimita 49.49 kutoka kitakoni, na shingo yake inaanzia 53.56. Maana yake shingo ya zamani yote inaishia kwenye takataka. Shingo mpya inatokana na shaba iliyokuwa bega na sehemu ya juu ya mwili, na shaba hiyo ni nene kuliko ya shingo iliyotupwa. Tena haina unene mmoja: kadiri unavyoshuka kuelekea kitakoni ndivyo ukuta unavyonenepa. Habari yote ya kundi hili imo humo.

Alichofanya fundi

Alikata maganda kwa msumeno wa chuma hadi milimita 55, akasawazisha midomo kwa tupa. Akalainisha midomo kwa moto wa gesi, akapaka nta ya kufinyia, akayapitisha kwenye kalibu ya 7.65 kwa mkupuo mmoja. Matatu yakakunjamana. Akaendelea na yaliyobaki.

Alishusha kalibu polepole, akijaribu ganda tupu kwenye bunduki kila mara, hadi komeo likafunga kwa ukinzani mdogo mwishoni mwa mzunguko wake. Hapo alikuwa amepata kipimo sahihi kabisa. Kama angeandika namba na kufunga nati ya kalibu, maganda 21 yangekuwa salama.

Kisha akakata maganda hadi 53.3 na kutengeneza risasi ya majaribio, yaani ganda lenye kichwa cha risasi, bila baruti wala fataki, kile kiwashio cha kitakoni. Komeo likagoma kufunga. Akahitimisha kwamba bega bado liko mbele. Akashusha kalibu robo mzunguko, akayapitisha maganda yote tena. Komeo likagoma. Ndipo alipopima shingo kwa maikromita akakuta 8.84. Akakereza shingo zote hadi zikafika 8.68 zikiwa na kichwa cha risasi ndani, komeo likafunga bila ukinzani wowote. Akaona kazi imekwisha, akajaza kumi.

Ulaini ule wa komeo ndio uliokuwa onyo. Nyuzi za kalibu za kawaida ni inchi 7/8 zenye mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81 na robo yake ni 0.45. Ukitoa kidogo kwa ajili ya presi kunyumbuka, bega lilirudishwa nyuma karibu milimita 0.4 bila sababu. Bega halikuwa na tatizo tangu mwanzo. Kilichozuia komeo ni shingo nene. Na shingo ilipopunguzwa, hakuna aliyerudi kuliangalia bega.

Milimita 0.4 hufanya nini

Ganda lisilo na ukingo uliotokeza hukaa chembani kwa bega lake. Umbali kati ya uso wa komeo na bega la chemba ndio unaoamua kama kitako kimeegemea chuma au kimeacha pengo. Bega la ganda likiwa nyuma, pini ya kufyatulia hulisukuma ganda zima mbele hadi liguse, na pengo lote linabaki nyuma ya kitako.

Baruti ikishika, shinikizo linabana kuta za mbele kwenye chemba. Hizo ni nyembamba na laini, zinashika vizuri. Kitako ni kinene, hakitanuki hadi kushika, kwa hiyo kinasukumwa nyuma hadi kikutane na komeo. Sehemu ya mbele imekwama, ya nyuma inatembea milimita 0.4, na shaba iliyo katikati inavutwa. Inavutwa mahali palepale siku zote: pale ukuta unapoanza kuwa mwembamba, juu kidogo ya sakafu ya ndani ya ganda. Kwa nje unaona mstari unaong'aa. Kwa ndani kuna mfereji.

Mfereji huo unahisiwa kwa waya mwembamba. Chukua waya ngumu, pinda ncha yake iwe ndoano fupi ya milimita 2, inoe, uiingize hadi sakafuni kisha uivute polepole juu huku ukiikandamiza ukutani. Ganda zima halina kitu. Ncha inateleza moja kwa moja. Ganda lililovutwa hunasa waya kwa mshtuko mdogo, kama ukucha unavyonasa kwenye ufa wa kikombe. Ukilipasua kwa urefu kwa msumeno utauona mfereji kwa macho. Tunashauri kupasua walau ganda moja la kila kundi. Ganda moja linalotolewa kafara linakuambia hali ya mengine yote.

Kukatika kwa ganda si usumbufu tu. Gesi moto hupita kando ya komeo kuelekea usoni kwa mpigaji. Mauser za miaka ile hazina njia nzuri ya kuikwepesha gesi hiyo kama za baadaye, kwa hiyo miwani ya usalama ni ya lazima kila risasi.

Komeo gumu lina sababu mbili

Komeo likigoma kwa ganda jipya, ama bega liko mbele, ama shingo ni nene. Mkono hauwezi kutofautisha, kwa sababu komeo la Mauser lina mteremko unaozidisha nguvu ya mkono na kuficha mguso. Ni lazima sababu hizo mbili zitenganishwe kabla ya kugusa kalibu.

Njia ya kwanza ni kujaribu ganda tupu, halafu lenye kichwa. Kalibu huacha shingo tupu ikiwa nyembamba kwa nje. Unene wa ukuta hauonekani hadi kichwa kiingie na kuisukuma shingo itanuke. Ganda tupu likifunga na lenye kichwa likagoma, bega halihusiki. Hapo shuku shingo, au kichwa kilichokaa mbele mno hadi kinagusa mwanzo wa mifereji ya mtutu.

Njia ya pili ni wino. Paka risasi ya majaribio wino wa kalamu nene kuanzia mdomoni hadi chini ya bega, uache ukauke, ifunge na kuitoa polepole. Wino ukifutika shingoni kuzunguka pande zote huku bega likiwa bado jeusi, umepata jibu. Ukifutika begani, jibu ni lile lingine. Ukifutika kwenye kichwa chenyewe ukaacha mistari ya mifereji, kirudishe ndani.

Kwa majaribio yote haya, toa pini ya kufyatulia na springi yake kutoka kwenye komeo. Springi ikiwemo, unachohisi ni springi.

Na kama unataka namba badala ya hisia, tumia utepe mwembamba wa gundi. Pima unene wa utepe kwa maikromita, mara nyingi ni karibu 0.05. Bandika tabaka moja kitakoni, kata kando, funga komeo. Ongeza tabaka hadi komeo lianze kukwaruza. Maganda ya kundi hili yangechukua tabaka saba au nane kabla ya kukinza. Ganda zuri halichukui zaidi ya moja.

Hesabu ya shingo hufanywa kabla ya kukata

Shingo ya chemba haijulikani kwa kusoma kitabu. Bunduki za kijeshi zilichongwa kwa uhuru mkubwa, na mbili za kundi moja zinaweza kutofautiana. Mwaga umbo la chemba kwa aloi ya bismuthi inayoyeyuka kati ya nyuzi joto 70 na 88 za selsiasi. Ziba mtutu kwa kitambaa kilichokazwa milimita 15 hivi mbele ya mwanzo wa mifereji, pasha chemba joto kidogo, mimina. Aloi hii hunywea kwanza, na hapo ndipo inapotoka kwa urahisi, ndani ya nusu saa. Halafu hurudi kutanuka, na baada ya saa moja tangu imiminwe vipimo vyake ni sawa na vya chemba. Pima wakati huo, kwa sababu inaendelea kutanuka siku zinazofuata. Ina metali za risasi na kadimiamu, ambazo ni sumu. Fanya kazi penye hewa, na usitumie sufuria itakayorudi jikoni.

Chemba ya kisa hiki ilikuwa na shingo ya 8.75. Kichwa cha risasi kilikuwa cha 7.92, yaani inchi 0.312, kipimo kinachokwenda na mitutu ya 7.65 kwa kawaida. Shingo inahitaji nafasi ya kutanuka ili ikiachie kichwa: angalau milimita 0.07 kwa jumla. Kwa hiyo shingo yenye kichwa isizidi 8.68. Toa 7.92, gawa kwa mbili, unapata ukuta wa 0.38. Ukuta uliotoka kwenye kalibu ulikuwa 0.46. Mara mbili ya 0.46 ukijumlisha 7.92 ni 8.84, namba ileile aliyoikuta fundi kwenye maikromita baada ya kuharibu bega. Angeweza kuipata kwa penseli kabla ya kushusha kalibu hata kidogo.

Yeyote anayefikiri kulazimisha komeo lifunge juu ya shingo ya namna hiyo ajue anachofanya: shingo imebanwa kati ya kichwa na chuma, kichwa hakina njia ya kuachiwa, na shinikizo linapanda ghafla hata kwa baruti kidogo.

Jinsi kundi lilivyopaswa kutengenezwa

Chagua maganda ya kiwanda kimoja na kundi moja, yasiyopigwa zaidi ya mara mbili, na yapitishe waya wa ndoano kwanza. Ganda lililokwisha kuvutwa likiwa .30-06 litakatika likiwa 7.65. Ya kijeshi yanafaa, ila kuta zake mara nyingi ni nene zaidi na fataki zake zimebanwa ukingoni, hivyo shimo la fataki linahitaji kusafishwa ukingo huo.

Kata hadi milimita 55, si fupi zaidi. Kwa kipimo hicho unabakiza milimita moja na nusu ya shingo ya zamani, ambayo ni nyembamba na inaongoza ganda liingie kalibuni bila kupinda. Ondoa chembe zote za msumeno, nje na ndani. Chembe moja inakwaruza kalibu milele.

Kulainisha ndiko kulikokunja yale matatu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Fundi alilainisha mdomo kama inavyofanywa kwa ganda la kawaida, milimita 6 hivi. Lakini sehemu inayofinywa hapa inaanzia mdomoni na kushuka milimita 13. Shaba ya maganda ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, na ikishafinywa huwa ngumu. Bega la zamani lilikuwa gumu wakati kalibu inalilazimisha lishuke kutoka 11.2 hadi 8.65. Shaba ngumu isiyo na pa kwenda hujikunja.

Joto linalohitajika ni karibu nyuzi 400 kwa sekunde chache. Paka alama ya rangi ya joto ya nyuzi 400 ndani ya mdomo, na ya nyuzi 250 mwilini, milimita 20 juu ya kitako. Zungusha ganda ndani ya soketi iliyofungwa kwenye drili, ncha ya ule mwali wa bluu wa ndani ikielekea begani, si mdomoni. Mdomo ni mwembamba na utapata joto kwa mapito. Rangi ya juu ikiyeyuka, ondoa. Rangi ya chini ikiyeyuka, ganda hilo ni la kutupa, kwa sababu kitako kilichopoteza ugumu hakishikilii fataki wala shinikizo, na hakuna njia ya kukirudishia ugumu huo mezani. Fanya kazi penye mwanga hafifu. Shaba ikiwaka nyekundu waziwazi umepitiliza. Kulitumbukiza majini kunazuia joto lisitembee kwenda kitakoni. Hakuifanyi shaba iwe ngumu kama kunavyofanya kwa chuma cha kaboni.

Finya kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kalibu ya 8×57, aina nyingine ya risasi, ikiwa imetolewa fimbo yake ya katikati. Shingo yake ni pana kuliko ya 7.65, kwa hiyo inachukua sehemu kubwa ya safari na kuacha kalibu ya mwisho na kazi ndogo. Pili ni kalibu ya 7.65, nayo bila fimbo. Nta au lanolini iwe utando mwembamba mwilini, na begani iwe karibu hakuna. Mafuta yaliyozidi hayana pa kukimbilia. Yanabonyeza bega na kuacha vibonyeo laini. Vibonyeo vya mafuta ni vya mviringo na havina ncha, na hutanuka vyenyewe risasi inapopigwa. Mikunjo ya shaba ngumu ina ukingo mkali, na hiyo haitengenezeki.

Mafuta yakiwa machache mno, ganda linanasa kalibuni. Usivute kwa nguvu hadi ukingo ung'oke. Toboa tundu la fataki, pitisha tapu ya M6, weka bomba fupi juu ya kitako, kaza bolti, ganda litatoka lenyewe.

Kalibu ya 7.65 ishushwe kwa mwendo wa mwisho kwa vipande vidogo. Digrii kumi za mduara ni milimita 0.05. Shusha, finya, futa nta, jaribu ganda tupu kwenye bunduki. Ukinzani unaotafutwa ni huu: mpini wa komeo unashuka kwa uzito wake hadi karibu theluthi ya mwisho, kisha unahitaji kidole kimoja kuumalizia. Hapo funga nati. Pima umbali kutoka kitakoni hadi begani kwa kipande cha chuma chenye tundu la milimita 9.5 kinachokaa katikati ya bega, andika namba, na usimwamini mkono tena. Namba hiyo ndiyo kipimo cha bunduki hiyo. Bunduki ya jirani itakuwa na yake.

Sasa kata hadi 53.3, halafu shughulikia shingo. Kupekecha kwa ndani kunaondoa shaba haraka, lakini pekecho hufuata tundu lililopo. Kama ukuta una upande mnene, utabaki mnene. Tunapendelea kukereza kwa nje, shingo ikiwa juu ya nguzo iliyo ndogo kwa milimita 0.025 kuliko tundu lake, kwa mapito mawili: la kwanza hadi 0.42, la pili hadi 0.38. Kisu kishuke hadi kiguse bega kidogo tu. Kikiishia juu, kinaacha pete nene kwenye kona ya shingo na bega, na fimbo ya kalibu huisukuma pete hiyo ndani, ambako inabana kichwa cha risasi. Kikiingia sana begani kinaacha mahali pembamba ambapo shingo itakatikia.

Kereza kabla ya kulainisha kwa mara ya mwisho. Shaba iliyokuwa ngumu kwa kufinywa hukatika safi. Iliyo laini hujikokota mbele ya kisu. Ukimaliza, lainisha tena, safari hii shingo na bega tu, kisha rudi kupima bega kwa kile kipande chenye tundu. Namba ikilingana na ya mwanzo, kundi liko tayari.

Yale kumi na moja ambayo hayajapigwa

Kumi yaliyopigwa ni ya kutupwa, hata yale ambayo mstari wake hauonekani vizuri. Kumi na moja yaliyobaki yana bega fupi lakini shaba yake haijavutwa, na yanaokoka.

Yalainishwe, kisha shingo ipanuliwe kwa fimbo yenye mteremko hadi kipenyo cha ndani cha karibu milimita 9.1. Halafu yaingizwe kwenye kalibu ya 7.65 iliyopandishwa juu, ishushwe kidogo kidogo. Kalibu itashusha sehemu ya mbele ya shingo na kuacha ukanda mpana nyuma yake, bega la muda lililo mbele ya lile fupi. Ukanda huo ndio utakaogusa chemba. Simama pale komeo linapofunga kwa ukinzani uleule wa kidole kimoja. Ganda likipigwa mara ya kwanza, ukanda na bega fupi vinatanuka na kuwa bega moja la umbo la chemba, huku kitako kikiwa kimeegemea komeo tangu mwanzo. Ukuta wa shingo utakuwa umepungua kidogo kwa kupanuliwa. Upime tena kabla ya kujaza.

Kabla ya kujaza

Ganda lililotoka kwenye .30-06 laweza kuwa na ujazo mdogo kuliko la kiwandani la 7.65. Jaza maji hadi mdomoni, pima uzito likiwa na maji na likiwa kavu, linganisha na ganda lingine lolote la 7.65 ulilo nalo. Vyovyote iwavyo, anzia kiwango cha chini kabisa cha jedwali lililochapishwa kwa 7.65×53, na usichukue namba za .30-06 kwa sababu tu kitako kinasema hivyo.

Kitako chenyewe ni hatari nyingine. Maandishi ya .30-06 hayafutiki, na risasi hii fupi ikichanganyika na za .30-06 inaweza kuishia kwenye chemba isiyo yake. Chonga alama ya kudumu kitakoni au paka rangi kwenye fataki, na sanduku lake liwe na jina la bunduki. Angalia pia sheria ya mahali ulipo, maana kuna nchi ambako leseni ya kumiliki bunduki hairuhusu kutengeneza risasi.

Baada ya kupigwa mara ya kwanza, ganda lina umbo la chemba. Likifinywa tena, pima bega lilivyotoka kwenye bunduki na ulirudishe nyuma kwa milimita 0.05 tu, na ulainishe shingo kila baada ya mara tatu au nne.